Bakteria wa Mifugo na Maabara ya Bei Nafuu

(Mhadhara uliotolewa Morogoro mbele ya maofisa mifugo wa halmashauri, wanafunzi wa udaktari wa mifugo na wawakilishi wa vyama vya wafugaji. Unachapishwa kama ulivyotolewa, pamoja na marekebisho madogo ya lugha.)



Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie mbinu za kisasa za kuchunguza vimelea. Nilimwomba Mwenyekiti ruhusa ya kuzungumzia zile za zamani, naye akanikubalia kwa moyo mweupe. Wengi wenu mna hadubini moja, umeme wa kukatikakatika, na fungu la vitendanishi linalokwisha kabla mwaka wa fedha haujafika nusu. Kumpa mtu wa namna hiyo mhadhara juu ya mashine ambayo hataiona kabla ya kustaafu ni kumpotezea mchana wake.

Shabaha yangu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba maamuzi mengi ya tiba na udhibiti wa magonjwa ya bakteria wilayani yanaweza kusimama juu ya vipimo rahisi, mradi tujue kila kipimo kinajibu swali gani na kinaishia wapi. Nina hoja tano. Ya pili na ya nne nitakaa nazo. Nyingine nitazipitia haraka.

Kwanza historia kidogo, maana inatuhusu. Mwaka 1876 daktari wa wilaya ya Wöllstein, mji mdogo ambao leo uko Poland, alithibitisha kwamba kimeta husababishwa na bakteria. Hakuwa profesa wala hakuwa na taasisi. Alifanya kazi nyumbani kwake baada ya kuona wagonjwa. Aliwaambukiza panya kwa vijiti vya mbao alivyovichonga mwenyewe, na aliotesha vimelea ndani ya majimaji ya jicho la ng'ombe. Huyo ndiye Robert Koch, ambaye mwaka 1897 alifika Dar es Salaam kuchunguza magonjwa ya watu na ya mifugo. Kazi iliyofungua mlango wa bakteriolojia ilikuwa kazi ya ugonjwa wa mifugo, na ilifanywa na mtu wa wilayani kwa vifaa vya kuungaunga. Maofisa mifugo, msiionee haya meza yenu.

Hoja ya kwanza: tuanze na uamuzi, jina la bakteria litafuata

Mfugaji wa Rungwe analeta maziwa yenye mabonge kutoka kwenye chuchu moja. Hana haja na jina la Kilatini. Anataka kujua amtibu ng'ombe huyu kwa dawa gani, au amuuze, na kama wale wengine bandani wako salama.

Jibu linategemea amekumbwa na kundi lipi. Streptococcus agalactiae huishi ndani ya kiwele na husambazwa na mikono ya mkamuaji. Penisilini inayopulizwa kupitia chuchu humwondoa kwa kiasi kikubwa, na kundi zima la ng'ombe linaweza kusafishwa kabisa. Staphylococcus aureus naye husambazwa kwa mikono, lakini hujichimbia ndani ya nyama ya kiwele, na aina zake nyingi zinajua kuivunja penisilini. Ng'ombe aliyekaa naye muda mrefu humla mfugaji fedha za dawa bila kupona. Heri akamuliwe wa mwisho, au auzwe. Escherichia coli hutoka kwenye kinyesi na matope, na hapo kazi kubwa ni kumhudumia ng'ombe mwenyewe na kulikausha banda, kuliko kumpulizia dawa ya chuchu.

Makundi matatu, na njia tatu tofauti. Kuyatenganisha kunahitaji vipimo vitatu vidogo ambavyo nitavieleza sasa hivi. Kipimo ambacho jibu lake halitabadilisha chochote bandani kiacheni, hata kama vitendanishi vimetolewa bure na mradi.

Hoja ya pili: kioo kimoja na tone moja vinasema mengi

Nianze na kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Weka tone la mmumunyo wa potasiamu haidroksaidi wa asilimia 3 kwenye kioo cha hadubini. Chota kwa kijiti cha meno koloni changa, iliyoota kwa usiku mmoja, uikoroge ndani ya tone hilo. Koroga, inua kijiti, koroga, inua. Ndani ya nusu dakika hadi dakika moja, kama bakteria ni Gram hasi, utaona tone linaanza kuvutika na kunyanyuka pamoja na kijiti kama mlenda. Kama ni Gram chanya, tone linabaki maji.

Kinachovutika ni DNA. Ukuta wa bakteria Gram hasi ni mwembamba, alkali huupasua, na uzi wa vinasaba hutoka nje. Ukuta wa Gram chanya ni mnene, nao hustahimili. Kipimo hiki kilielezwa na mtafiti aliyeitwa Ryu mwaka 1938, tena katika jarida la wataalamu wa mifugo, na hakihitaji hadubini wala umeme. Wenzetu wa hospitali za binadamu walichelewa sana kukizoea.

Wafugaji mliopo hapa, mlenda huo mnaujua tayari. Kile kipimo cha kiwele cha sahani yenye vikombe vinne, kilichobuniwa California na Schalm na Noorlander mwaka 1957, kinafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Tofauti yake ni kwamba pale sabuni ndiyo inayopasua, na kinachopasuliwa ni seli za ng'ombe mwenyewe zilizokimbilia kwenye kiwele kupigana na maambukizi. Kule Faisalabad, Pakistan, wataalamu waliwafundisha wafugaji kutumia sabuni ya unga ya kufulia, asilimia 3 katika maji, badala ya dawa ya dukani, na inafaa. Lakini tusichanganye mambo. Kipimo cha sabuni kinasema kiwele kinaumwa. Hakisemi nani anayekiumiza. Nimeona mara nyingi mno mtu anasoma mlenda kwenye sahani, kisha anaandika jina la bakteria kwenye kadi ya ng'ombe.

Cha pili ni katalasi. Tone la haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ileile ya duka la dawa, likiwekwa juu ya koloni iliyopakwa kwenye kioo safi hutoa povu papo hapo kama ni stafilokoki. Streptokoki hukaa kimya. Maangalizo ni mawili. Chembe nyekundu za damu nazo zina katalasi, kwa hiyo ukichota koloni pamoja na chakula chake cha damu utapata povu la uongo. Na kitanzi cha waya wa nikeli na kromi kinaweza kutoa povu chenyewe. Tumieni kijiti cha meno.

Stafilokoki akishajulikana, tunauliza kama anagandisha plazma. Nusu mililita ya plazma ya sungura, koloni kidogo, joto la nyuzi 37. Soma baada ya saa 4, kisha tena kesho yake. Zile saa 4 msiziruke: kuna aina zinazogandisha plazma halafu zinayeyusha mgando wao wenyewe, na anayesoma asubuhi tu ataandika hasi. Sungura mmoja anayetunzwa vizuri anatosheleza maabara ya wilaya. Kwa maziwa ya ng'ombe, mgando unatuelekeza kwa S. aureus. Kwa mbwa mwenye vidonda vya ngozi msikimbilie jina hilo, kwani mara nyingi ni nduguye, S. pseudintermedius, ambaye naye hugandisha.

Kwa upande wa Gram hasi, oksidasi hugawa nyumba mara mbili. E. coli na Salmonella hawana, Pasteurella na Pseudomonas wanayo. Rangi ya zambarau itokee ndani ya sekunde 10. Inayokuja baadaye haihesabiki. Kitendanishi cha oksidasi huharibika haraka kikishachanganywa, basi changanyeni kidogo kidogo.

Na rangi ya Gram yenyewe, aliyoibuni Mdenmaki Hans Christian Gram mwaka 1884? Bado tunaihitaji, kwa sababu mlenda hauonyeshi umbo. Wanaolalamika kwamba rangi ya kwanza imekwisha stoo wakumbuke kwamba GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni, ndiyo kristali violeti. Ichujeni kwanza kwa karatasi, vinginevyo mtaona fuwele mkadhani ni bakteria.

Hoja ya tatu: jiko la maabara

Chakula cha kuotesha bakteria ndicho kinachomeza bajeti, na ndipo watu hujaribu kubana matumizi mahali pasipofaa.

Sufuria ya presha ya nyumbani inaweza kuua vijidudu vizuri kwa kazi ndogo. Lakini mahali ulipo pana maana. Kitabu kinasema nyuzi 121 kwa dakika 15, na presha ya ratili 15 kwa inchi ya mraba. Maneno hayo yaliandikwa kwa mtu aliye usawa wa bahari. Njombe iko karibu mita 2,000 juu, hewa yake ni nyepesi, na sufuria ileile kwa presha ileile hufika takriban nyuzi 117 au 118 tu. Tanga na Dar es Salaam dakika 15 zinatosha. Njombe pikeni zaidi ya nusu saa, na hesabu ianze baada ya hewa yote kutoka na mvuke kutiririka bila kusita. (Naona wa Makete wanatikisa vichwa. Nyinyi pia, ndiyo.)

Damu ya chakula cha damu itoke kwa kondoo ambaye hajachomwa antibiotiki. Ichukuliwe kwa usafi na kutikiswa kwenye chupa yenye shanga za kioo mpaka nyuzi za mgando zijikusanye, kisha iongezwe asilimia 5 chakula kikishapoa kufikia kama nyuzi 50. Damu ya binadamu iliyopitwa na muda kutoka benki ya damu, hapana. Ina dawa ya kuzuia mgando, huenda ina kingamwili na antibiotiki za mchangiaji, na inaweza kubeba maradhi yanayomhusu mpimaji mwenyewe.

Sahani moja ya damu inaweza kugawanywa robo nne, kila robo kwa chuchu moja, na ng'ombe mzima akasomeka kwa sahani moja. Kwa kuku wanaoharisha, sahani ya MacConkey, iliyobuniwa Liverpool mwanzoni mwa karne ya 20, inatenga E. coli wa rangi ya waridi na Salmonella aliyepauka. Zikifuata chupa nne ndogo, za sukari tatu na chuma, urea, sitreti na mwendo, homa ya matumbo ya kuku inajulikana: Salmonella Gallinarum hatembei, wakati karibu jamaa zake wote wanatembea.

Kila ninapozungumza habari hizi Unguja, huulizwa kuhusu mwani. Agari inatokana na mwani. Tunaidai kwa Fanny Hesse, mke na msaidizi wa mtafiti Walther Hesse, aliyeipendekeza mwaka 1881 kwa sababu aliitumia jikoni kugandisha vitamutamu wakati wa joto. Je, mwani wa Paje na Jambiani haufai? Kwa bahati mbaya si jamii hiyo. Spinosamu inayolimwa kwa wingi huko hutoa karajini laini, si agari. Kotoni, mwani mwingine, hutoa karajini inayoganda vizuri zaidi penye potasiamu, na imekwisha kujaribiwa mahali pa agari katika vyakula vya bakteria. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anione baada ya kikao.

Hoja ya nne: kuna bakteria wasiooteshwa mezani kwenu

Hapa naomba utulivu. Unafuu una mpaka, na mpaka huo ni uhai wa mpimaji.

Ng'ombe amekufa ghafla, tumbo limevimba haraka, mwili haukukakamaa sawasawa, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na kwenye njia ya haja kubwa. Msipasue. Ndani ya mzoga uliofungwa bakteria wa kimeta hushindwa na uozo. Ukiupasua, wanapata hewa, wanatengeneza spora, na mahali hapo patabaki na ugonjwa kwa miaka mingi. Chukueni tone la damu kwenye mshipa wa sikio, pakeni kioo, muache kikauke.

Bakteria wakazwe kwenye kioo kwa spiriti, maana moto wa taa hauaminiki kuwaua. Kisha rangi ya M'Fadyean, methilini bluu iliyokomaa, aliyoieleza mwaka 1903. Baada ya dakika moja kioshwe juu ya beseni lenye dawa ya klorini, wala msikioshee kwenye sinki. Chini ya hadubini mtaona fimbo za bluu zenye ncha za mraba, mbilimbili au katika minyororo mifupi, na kuzunguka kila fimbo ganda la waridi. Ganda hilo ndilo jibu. Fimbo zisizo na ganda kwenye mzoga wa juzi zinaweza kuwa vijidudu vya uozo tu. Rangi mpya ya methilini bluu iliyotoka kiwandani haitoi waridi huo, kwani inahitaji kukaa ikikomaa. Chupa kuukuu iliyosahaulika kabatini, ambayo mkaguzi wa stoo anataka itupwe, huenda ndiyo pekee yenye thamani.

Mkiona ganda la waridi, kazi yenu ya maabara imekwisha. Hakuna kuotesha. Inayofuata ni simu kwa daktari wa mifugo wa wilaya na mwenzake wa afya ya binadamu, kuchoma au kufukia mzoga kwa kina, na chanjo kwa mifugo ya jirani. Mwaka 2004 na 2005 kimeta kiliua viboko kwa wingi katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda. Mwaka 2015 kiliua nyati Ziwa Nakuru, Kenya. Ugonjwa huu hauna mpaka wa hifadhi wala wa nchi.

Wa pili ni Brucella. Ng'ombe ametupa mimba, na ofisa mwenye bidii anataka kuotesha kipande cha kondo. Bidii hiyo izuiwe. Brucella ni miongoni mwa bakteria wanaowaambukiza watu wa maabara mara nyingi zaidi, na hupita kwa pumzi. Pimeni damu kwa Rose Bengal: tone la seramu, tone la kitendanishi cha waridi, kutikisa dakika 4, kutazama chembechembe. Kinachosomwa pale ni kingamwili, kwa hiyo ng'ombe aliyechanjwa kwa S19 anaweza kuleta jibu chanya bila kuumwa. Ulizeni historia ya chanjo kwanza. Na ikitokea kwenye sahani ya mimba iliyotupwa mkakuta koloni ndogo, zilizochelewa kuota, Gram hasi, zenye katalasi na oksidasi, fungeni sahani kwa utepe, ipelekeni maabara kuu, na asiwepo mtu wa kuinusa. Tabia ya kunusa sahani tulifundishwa na walimu wetu. Ifie kwetu.

Hoja ya tano: unafuu bila udhibiti ni ghali

Hii ni fupi, ila ndiyo ninayoigombea kila mwaka na watu wa bajeti. Peroksaidi iliyokaa dirishani kwenye jua haitoi povu, na maabara itamwandika kila stafilokoki kuwa streptokoki, kwa unadhifu kabisa, miezi mitatu mfululizo. Hakuna mashine itakayopiga king'ora. Dawa yake ni kuwa na bakteria wa rejea wanaojulikana majibu yao, mmoja chanya na mmoja hasi, na kupima kila chupa mpya na kila mwanzo wa wiki. S. aureus mmoja, E. coli mmoja na streptokoki mmoja wanatosha kuanzia.

Sampuli nayo ni hivyohivyo. Chuchu ifutwe kwa spiriti mpaka pamba itoke nyeupe, michirizi ya kwanza imwagwe, chupa ishikwe mlalo, maziwa yasafiri kwenye barafu. Robo ya sahani ikiota aina tatu au zaidi za koloni, hiyo ni banda, si kiwele. Andikeni "sampuli imechafuka", muombe nyingine. Ni jibu halali, ingawa mfugaji aliyelipa nauli ya bodaboda hatalifurahia.

Nikimalizia, Mwenyekiti, nisieleweke vibaya kuhusu mashine. Zipo zinazotambua koloni kwa dakika chache kwa kupima uzito wa protini zake, na zipo za kusoma vinasaba moja kwa moja. Kwa zile za kwanza, gharama ya sampuli moja ni ndogo. Gharama ya kununua na kutengeneza ndiyo inayotushinda. Mahali pake ni maabara kuu ya Wakala ya Maabara ya Veterinari pale Temeke, na hapa Chuo Kikuu cha Sokoine. Nazo zinahitaji koloni safi, iliyokwisha kuchujwa na mtu mwenye kijiti cha meno wilayani.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili yaanze mwaka huu wa fedha. La kwanza, maabara kuu itume mara mbili kwa mwaka kifurushi cha bakteria wa rejea, waliokaushwa kwenye karatasi ya kuchujia na wasio hatari, kwa kila halmashauri yenye hadubini. La pili, ndani ya kifurushi hicho kuwe na sampuli tatu zisizo na majina, kila wilaya izipime na kurudisha majibu, na majibu yajadiliwe wazi bila kumtia mtu aibu. Baada ya mizunguko michache tutajua ni wilaya zipi zilizo tayari kuongezewa kipimo cha usugu wa dawa kwa njia ya vidonge vya karatasi, ambacho leo nimekikwepa kwa makusudi kwa sababu kinastahili mhadhara wake.

Chumba cha mazoezi kiko wazi kuanzia saa 9. Kuna sahani nane zenye namba, haidroksaidi, peroksaidi na boksi la vijiti vya meno. Wafugaji watangulie, wanafunzi wafuate, na maprofesa tungoje zamu yetu. Karibuni kwa maswali.